Kuifuata Esparto: Kutoka Makabati ya Madrid hadi Vilima vya Almería

Jumatatu, Madrid

Hebaria ya Bustani ya Kifalme ya Mimea ya Madrid iko jirani kabisa na makumbusho ya Prado, na ndani yake mna sampuli zaidi ya milioni moja za mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Mimi nimekuja kwa ajili ya nyasi moja. Wahispania huiita esparto. Jina lake la kisayansi ni Macrochloa tenacissima, ingawa majalada mengi bado yameandikwa Stipa tenacissima, na atakayetafuta kwa jina moja tu atarudi na sehemu ndogo ya kilichomo.

Kazi ni ya uvumilivu. Nasoma lebo, naandika upya kila neno lililopo, kisha natafuta sampuli ile iliokotwa wapi hasa na kuipa namba za GPS ili iingie kwenye kanzidata. Ndiyo kazi ninayoifanya nyumbani kwa mimea ya milima ya Usambara. Huku nimealikwa kuifanya kwa mmea uliolisha kaya nyingi za kusini-mashariki mwa Hispania, na ambao hadi leo hufunika vilima vikavu kutoka hapa hadi Moroko, Aljeria, Tunisia na Libya.

Asubuhi yote imekwisha kwenye makabati mawili. Karatasi ya hebaria ina urefu wa sentimeta 42 hivi na upana wa 28, na jani la esparto linaweza kufika karibu mita moja, kwa hiyo kila mkusanyaji amelikunja kwa namna yake: wengine mara mbili, wengine mara tatu au nne, wengine wamelikata wakaweka kipande cha chini na kipande cha juu. Suke nalo limelazwa pembeni. Jani lenyewe likikosa maji hujikunja kwa ndani likawa jembamba na la mviringo, likificha vinyweleo vya kupumulia lisipoteze unyevu. Ndivyo linavyovumilia nchi ambayo mvua ya mwaka mzima ni milimita 200 hadi 400.

Glavu ni lazima. Karatasi kuukuu zilipakwa chumvi ya zebaki ili wadudu wasizile, na sumu hiyo haijaondoka. Siku hizi sampuli huingizwa kwenye friji la baridi kali kabla ya kuwekwa kabatini, na kazi hiyo hiyo inafanyika bila kumdhuru mtu.

Jumanne, Madrid

Leo nimeshinda na habari za Pehr Löfling, na nimeamka kwenye kiti nikiwa na huzuni kwa ajili yake.

Alikuwa Msweden, mwanafunzi wa Linnaeus, yule aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi ya mimea. Ufalme wa Hispania ulipoomba mtaalamu wa mimea, Linnaeus alimtuma yeye, akafika mwaka 1751 akiwa na miaka 22. Alikusanya, akachunguza, akamwandikia mwalimu wake barua baada ya barua. Linnaeus alipoichapisha esparto mwaka 1755, sifa ya ugunduzi ilibaki kwa kijana, na ndiyo maana mpaka leo nyuma ya jina la nyasi hii huandikwa Loefl. ex L., yaani Löfling kupitia Linnaeus. Kufikia wakati huo Löfling mwenyewe alikuwa ameshavuka Atlantiki na msafara wa kwenda Orinoco. Alifariki Februari 1756 huko Guayana, katika nchi inayoitwa Venezuela leo, akiwa na umri wa miaka 27. Linnaeus aliyakusanya maandishi yake na kuyatoa kitabu mwaka 1758. Hebaria ya Linnaeus nayo ilinunuliwa na Mwingereza James Edward Smith mwaka 1784, na sasa iko London, kwenye jumuiya inayobeba jina la Linnaeus.

Mwaka 1829 Mjerumani Kunth aliitoa esparto kwenye kundi la Stipa akaipa kundi lake la Macrochloa. Wengine walimfuata, wengine hawakumfuata, na mjadala umeendelea kwa miaka karibu 200. Mjadala huo hauishii vitabuni, unaonekana kwenye karatasi zenyewe. Mtaalamu akipitia sampuli na kuona jina jingine ndilo sahihi, hafuti la zamani. Anabandika kikaratasi kidogo pembeni: jina, mwaka, saini yake. Nimeshika karatasi zenye vikaratasi vinne vimepangana, kila kimoja cha kizazi chake, wanajibizana bila kukutana. Ningependa kila mwanafunzi wa mimea aonyeshwe karatasi ya namna hiyo mapema, kabla hajazoea kuyaona majina kama kitu kilichoshuka kikiwa kimekamilika.

Mchana nimetenganisha esparto na nyasi nyingine inayochanganywa nayo sana, Lygeum spartum, ambayo Wahispania wa huku huiita albardín. Hiyo nayo ilipitia mikononi mwa Löfling. Zote mbili zina majani magumu ya mviringo, zote mbili zilisukwa kamba. Zikiwa na suke hazina utata: esparto hutoa suke refu lililojazana mbegu, albardín hutoa kijisuke kimoja chenye manyoya, kimefunikwa na ala nyeupe nchani. Tatizo ni sampuli zilizochukuliwa bila suke. Hapo inabidi uchukue lenzi uangalie pale jani linapokutana na ala yake, sehemu ya chini inayolikumbatia shina. Albardín ina utando mrefu. Esparto haina utando wa hivyo, ina nywele fupi na masikio mawili yaliyosimama. Kama mkusanyaji alikata jani juu ya mahali hapo, hakuna lenzi itakayosaidia.

Jumatano, Madrid

Siku nzima nimetafuta mahali.

Lebo za karne ya 19 mara nyingi zimeandikwa Kilatini, na zimeridhika na machache. In collibus aridis: kwenye vilima vikavu. In Regno Granatensi: katika ufalme wa Granada. Ufalme wa Granada wa zamani ulishika Granada yenyewe, Almería, Málaga na vipande vya mikoa ya jirani. Sampuli kama hiyo naipa nukta katikati na mduara mkubwa kuizunguka, na kwenye kanzidata naandika mduara huo una kilomita ngapi. Mtu atakayechora ramani ya ukame au ya mabadiliko ya tabianchi bila kuangalia ukubwa wa mduara atajidanganya, kwa sababu nukta kwenye skrini zote zina sura moja.

Nyingine ni nzuri mno. Lebo moja ya miaka ya 1970 imeandikwa kijiji, bonde, upande wa mlima unaotazama kusini, aina ya mwamba, mwinuko, na mimea mingine iliyokuwa pale. Ningeweza kuufikia mlima huo kwa miguu nikiwa na karatasi ile mkononi.

Halafu kuna nakala. Karne ya 19 kulikuwa na watu walioishi kwa kukusanya mimea na kuiuza kwa seti. Émile Bourgeau, Mfaransa, alikuwa mmoja wao, na alipita Hispania. Miaka ya 1890 wakaja Waitaliano wawili, Porta na Rigo. Mtu wa aina hiyo huvuna kichaka kimoja siku moja, akagawa majani kwenye karatasi nyingi, na leo karatasi hizo zinaweza kuwa Geneva, Florence, Paris, Kew kule London, na hapa. Kila hebaria inapoingiza yake kwenye GBIF, kanzidata ya dunia yenye makao Copenhagen, tukio moja hugeuka matano. Kuziunganisha inabidi ulinganishe jina la mkusanyaji, namba yake na tarehe, na miandiko ya watu wale haikuandikwa kwa ajili ya kompyuta.

Jioni tumeitandaza ramani ya kazi yetu ukutani. Nukta zinafuata barabara, na zinasongamana karibu na miji yenye vyuo vikuu. Kati yake kuna sehemu kubwa nyeupe, na mwenyeji wangu aliyekulia mkoa wa Murcia akaweka kidole kwenye weupe mmoja akasema pale esparto imejaa mlima mzima tangu babu yake.

Hili ndilo linalonikera zaidi katika kazi yetu, na kwetu liko vile vile. Mmea adimu hukusanywa na kila anayepita, hata ukahatarishwa na wanaoupenda. Mmea uliojaa kila mahali, uliovaliwa miguuni na kulaliwa, mtaalamu anaupita akiamini mwenzake alishauchukua. Inakuja miaka mia, mlima unajengwa au unapandwa misonobari, na hakuna karatasi hata moja ya kuonyesha kilichokuwepo.

Alhamisi, Madrid

Nusu siku tu hebaria. Mchana nimekwenda Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, mtaa wa Serrano, kuona esparto iliyohifadhiwa na pango badala ya karatasi.

Mwaka 1857 wachimba madini walifungua pango la popo karibu na Albuñol, mkoa wa Granada. Ndani kulikuwa kukavu kiasi kwamba vitu vya kusuka, makapu na ndara, vilikuwa havijaoza. Manuel de Góngora aliviandika mwaka 1868, na vingi vikaja Madrid. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023 umeonyesha kwamba baadhi ya makapu yana miaka kama 9,500, maana yake yalisukwa na watu wawindaji na waokotaji kabla ya kilimo kufika huku. Ndara zenyewe zina kama miaka 6,200. Nimesimama mbele ya ndara zile muda mrefu. Ukingo umefungwa kwa ustadi, kamba ya kati imepita kati ya vidole, na nyayo nyingine zimelika kwa kutembewa. Nimelelewa na bibi aliyesuka ukili kila jioni, najua kazi ya mkono uliofundishwa mapema nikiiona.

Usiku nimesoma habari za Mariano La Gasca, aliyekuwa mkuu wa bustani hii ya Madrid na mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyasi wa nchi hii. Mwaka 1823 aliikimbia Madrid pamoja na serikali ya waliberali, akafika Sevilla na hebaria yake na miswada ya kitabu cha mimea yote ya Hispania. Mwezi Juni umati ulivamia mizigo ya wakimbizi, ukaitupa kwenye mto Guadalquivir. Miaka ya kazi ilikwenda na maji siku moja, na yeye akaishi uhamishoni, London kisha kisiwa cha Jersey, hadi 1834. Sisi wa Afrika Mashariki tuna msiba unaofanana na huo: usiku wa kuamkia Machi 2, 1943 mabomu yaliunguza hebaria ya Berlin, na humo zikateketea sampuli nyingi za kwanza kabisa za mimea ya Tanganyika. Mara nyingi kilichookoka ni nakala zilizokuwa zimepelekwa kwingine. Jana nilizilalamikia nakala. Leo nasema Mungu awarehemu waliozisambaza.

Ijumaa, njiani hadi Cieza

Gari, joto, uwanda wa La Mancha. Baada ya Albacete udongo unageuka rangi, na karibu na Hellín vichaka vya kwanza vya esparto vinaonekana pembezoni mwa barabara, kijivu kibichi, kila kimoja mbali na mwenzake. Tumefika Cieza, mji wa mkoa wa Murcia, jioni. Mto Segura unapita chini ya mji, na mashamba ya matunda yamejaa bondeni.

Jumamosi, Cieza

Mji huu uliishi kwa esparto. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1939, Hispania ilijifungia, juti ya kigeni haikuingia, na kila kamba, gunia, mkeka wa kukamulia mafuta ya zeituni na nyavu za meli zikategemea nyasi ya vilima hivi. Watu walitoka mikoa mingine kuja kutafuta kazi Cieza. Baadaye mipaka ikafunguka, zikaja nyuzi za bei nafuu kutoka nje, juti na mkonge, kisha plastiki ikamaliza yote.

Neno mkonge limenigusa mahali. Mimi ni mtoto wa Tanga. Mkonge wetu uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf. Miche 1,000 ilisafirishwa, ikafika hai 62 tu, na kutoka kwa hiyo 62 yakaja mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza dunia, ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sikuwahi kufikiri kwamba tani hizo zilikuwa na sehemu katika kufunga karakana za mji mwingine, mpaka leo nilipokaa na watu wa mji huo. Nao hawakuwa wamefikiri kwamba plastiki ile ile ilitufungia sisi viwanda vyetu. Tumekaa na hilo kwa muda, hakuna aliyekuwa na haraka.

Kwenye Makumbusho ya Esparto mzee mmoja ametuonyesha uvunaji. Jani halikatwi. Unashika fumba la majani, unalizungusha kwenye kijiti kifupi kilichofungwa mkononi, unavuta kwa ghafla kwenda juu, na jani linachomoka kwenye ala yake huku kichaka kikibaki salama ardhini. Anayekata anaua. Pliny wa Roma, aliyeandika karne ya kwanza kuhusu esparto ya karibu na Cartagena, aliueleza uvunaji huu huu: miguu imefunikwa, mikono imevishwa, majani yanazungushwa kwenye kijiti cha mfupa au cha mti. Alisema pia kwamba watu wa huko walitoa humo matandiko, kuni, mienge, viatu na mavazi ya wachungaji. Nimemwomba mzee anipe kile kijiti nikishike. Kimelika pale kidole gumba kinapokaa.

Baada ya kuvunwa, esparto huroweshwa kwenye madimbwi kwa mwezi mmoja au zaidi, hadi nyama ya jani ioze na kuziacha nyuzi. Harufu yake, wameniambia, ilifika mjini. Nimewaeleza jinsi akina mama wa Unguja wanavyofukia makumbi kwenye tope la bahari na kuyatoa miezi baadaye kwa ajili ya kamba, na mzee akacheka kwa furaha ya kupata ndugu. Kisha inaanikwa juani, inapondwa, inasokotwa. Msokotaji alitembea kinyumenyume na fungu la nyuzi kiunoni, akiziachia kidogo kidogo, na mbali nyuma kulikuwa na gurudumu linalozungushwa na mtoto. Watoto wengi wa Cieza walianza kazi kwenye gurudumu hilo badala ya kwenda shule.

Kuponda ilikuwa kazi ya wanawake. Nyundo nzito za mbao zilipanda na kushuka kwa injini, na mwanamke alikaa chini yake akigeuza fungu la esparto kwa mikono kati ya pigo na pigo. Mama mmoja mwenye umri mkubwa alikuwa pale, ameletwa na binti yake. Nimemuuliza kupitia mkalimani kama kelele ndizo zilikuwa mbaya zaidi.

"Kelele unazizoea, mwanangu. Vumbi ndilo lilitumaliza."

"Vumbi la esparto, mama?"

"Lilikuwa jeupe hewani, humwoni wa pembeni yako. Dada yangu alikohoa mpaka alipokwenda kaburini."

Madaktari wa Hispania waliupa ugonjwa huo jina: espartosis. Nimekumbuka majalada yote niliyofungua Madrid. Kwenye sampuli kuna mkusanyaji, tarehe, mwinuko, mwamba. Matumizi ya mmea kwa kawaida hayamo, au yamo kwa neno moja. Kwa mmea kama huu naliona hilo ni pengo kubwa, na kuanzia sasa kwenye lebo zangu kutakuwa na mistari ya nani anautumia, anauvuna vipi, na unamfanya nini.

Jumapili, vilima vya Ascoy

Tumepanda kabla ya jua kukaza. Vichaka vinafika kiunoni, masuke yamepita kichwa changu, yamekomaa na kuanza kuangusha mbegu. Kati ya kichaka na kichaka ardhi ina gamba jeusi la kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja, lisilopaswa kukanyagwa ovyo, kwa kuwa ndilo linalozuia udongo usipeperuke. Kwa upande wa juu wa kila kichaka udongo umejikusanya kama ngazi ndogo. Mvua ikinyesha kwa nguvu, maji yanayoteremka yanapunguzwa mwendo na kichaka kimoja baada ya kingine, yanaacha mchanga na majani makavu, na mbegu za mimea mingine zinapata mahali. Mwenyeji wangu ameniambia kuna vilima ambako esparto iling'olewa kupisha misonobari iliyopandwa kwa matrekta, na misonobari ikadumaa.

Tumekusanya tukiwa na kibali mkononi. Kuchukua sampuli nzuri ya esparto ni kazi. Unahitaji suke lote, majani pamoja na ala zake ili yale masikio yaonekane, na kipande cha shina la chini linalotambaa, kwani bila hicho hakuna atakayejua jinsi kichaka kinavyojitanua. Kichaka cha katikati ya kilima, si cha kando ya njia kilichomwagiwa vumbi la magari. Tumekipiga picha kikiwa kizima kwanza. Kisha gazeti, kadibodi, kibanio, na mikanda kukazwa kwa goti.

Lebo nimeiandika pale pale, kwa penseli, kabla ya kushuka. Nchi, mkoa, mlima, upande gani unatazama, namba za GPS na kosa lake kwa mita, mwinuko, mwamba wa chokaa, mteremko, majirani zake: rosemari, majani ya thaimu, msonobari mmoja mmoja. Na chini yake: huvunwa kwa kuvutwa, kijiti; zamani kamba, ndara, magunia; waliokuwa wakiponda waliugua mapafu.

Chini bondeni, kwenye tambarare yenye chumvi, tumeikuta albardín. Kuziona zote mbili zikiwa hai kwa asubuhi moja kumenifundisha kuliko siku nzima ya lenzi. Moja imeushika mteremko, nyingine imeshika tambarare. Lebo yenye neno moja tu la mahali, mteremko au bondeni, ingetatua sampuli kadhaa zisizo na suke.

Jumatatu, Cabo de Gata

Kutoka Murcia hadi Almería nchi inazidi kukauka. Tabernas, ambako filamu nyingi za ng'ombe na bastola zilipigwa, ina mabonde yaliyochongwa na maji ya mvua chache za hasira. Esparto imeshika kila ubavu ambao haujaporomoka.

Kisha, karibu na bahari, nikaona mkonge. Mistari yake imepotea lakini bado inasomeka: ulipandwa. Miaka ya 1950 serikali ya Hispania ilitaka nyuzi zake yenyewe na ikaanzisha mashamba ya mkonge, wetu na wa jamii ya jirani, kwenye tambarare hizi. Hayakulipa, yakaachwa. Mimea ikaendelea kuzaana, na leo watu wa hifadhi ya Cabo de Gata-Níjar, iliyoanzishwa 1987, wanaing'oa kwa sababu inaisonga mimea ya asili. Nimegusa ncha ya jani. Tangu Tanga mkono wangu unajua mwiba huo uko wapi.

Hapa pia tumekusanya, karatasi mbili: esparto kwenye mwamba wa volkano, na mkonge uliotoroka shamba. Mkonge ni mmea mwingine ambao wakusanyaji huupita. Una majani mazito, haukaukii kwenye gazeti bila kupasuliwa na kubadilishiwa karatasi kila siku, na watu huchukua picha wakaendelea na safari.

Jumanne, Almería

Chuo Kikuu cha Almería kina hebaria yake, ndogo kuliko ya Madrid, na ndiyo inayopaswa kushika vitu vya hapa. Karatasi za jana na juzi zimeingia humo, nakala zinakwenda Madrid, na seti moja nimeomba ipelekwe Nairobi, kwenye hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani kwetu Tanga mwaka 1902 kabla ya kuhamishiwa huko karibu na mwaka 1950. Wanafunzi wetu wana haki ya kushika nyasi iliyoshindana na mkonge wao.

Mazungumzo ya mchana yalihusu ng'ambo ya bahari. Uwanda wa juu wa Aljeria una esparto nyingi mno, huko wanaiita halfa, na Waingereza waliinunua pamoja na ya Hispania kwa ajili ya karatasi tangu Thomas Routledge alipofanikiwa kuitengeneza karatasi miaka ya 1850. Sampuli za zamani za huko nyingi ziko Ufaransa. Mkusanyo wa Afrika Kaskazini wa René Maire, aliyefanya kazi Algiers hadi kifo chake mwaka 1949, uko kwa sehemu kubwa Montpellier. Najua hali hiyo: mwanafunzi wa Tanzania anayetaka kuona sampuli ya kwanza ya mmea wa kijiji chake mara nyingi inambidi aangalie Kew. Picha za mtandaoni zimesaidia sana, na kila karatasi inayopigwa picha na kuwekwa wazi ni deni lililolipwa. Ila picha haionyeshi masikio ya ala yakiwa yamekunjwa kwa ndani, na huwezi kuchana kipande chake kwa ajili ya DNA.

Tumekubaliana hivi. Orodha ya sehemu nyeupe za ramani imegawanywa kwa mikoa, na kila sehemu imepewa mtu anayeishi karibu nayo. Masuke yataanguka yote ndani ya Juni, kwa hiyo watu wa Murcia wanaanza wiki hii na mlima ule wa babu wa mwenyeji wangu. Mimi narudi Madrid kesho kumalizia kabati la tatu, lenye sampuli zilizotumwa kutoka Oran na Tunis, ambazo lebo zake zimeandikwa Kifaransa kwa wino uliofifia. Nimeomba taa yenye mwanga wa pembeni.